Kupeana data: faili au kuunganisha mifumo?

Taasisi mbili zikitaka kupeana data, faili la Excel ndilo jepesi kuanza nalo: halidai mtaalamu, gharama ni kama hakuna. Ila lina vituko vyake. Namba ya simu inayoanza na 0 hufika imekatwa kichwa. Muundo wa zamani wa xls hukomea mistari 65,536. Uingereza mwaka 2020, kikomo hicho kilifanya taarifa za maambukizi 15,841 ya korona zichelewe.

Kuunganisha mifumo kwa API (njia ya programu mbili kupeana data moja kwa moja) ni ghali mwanzoni, na matunzo hayaishi: mmoja akibadilisha jina la sehemu moja tu ya data bila kusema, mwenzake anakwama. Lakini data hufika papo hapo.

Ripoti ya kila mwezi? Faili linatosha, mradi lina nenosiri. Mnaihitaji kila saa, na mna fundi wa kudumu? Unganisheni.