Diski Tupu za Rekoda ya Zamani: Soma Kasi Kwanza

Nilinunua mnara wa DVD tupu 50 nihamishe kanda zetu za VHS kabla ukungu haujazimaliza. Nikatia diski ya kwanza kwenye rekoda yangu ya DVD. Ikaunguruma, ikasita, ikaunguruma tena kama mtu anayekwangua sufuria, kisha ikaitema. Ya pili na ya tatu hivyo hivyo. Ya tano ikakubali, ikarekodi harusi ya dada yangu dakika 40, ikakwama maharusi hawajavishana pete.

Nikampigia muuzaji. "Dada, DVD ni DVD."

Siyo. Mambo ya R (ya kuandikwa mara moja) na RW (ya kufutika), alama ya kutoa (DVD-R) na ya kujumlisha (DVD+R), sitayachambua hapa. Tazama nembo zilizo kwenye mlango wa trei. Kinachotuponza wengi ni ile namba ya kasi kwenye jalada: 4x, 8x, 16x. Tunadhani kubwa ndiyo bora. Kumbe kila diski ina msimbo wa kiwandani, na rekoda huusoma ili ijue imulike leza kwa nguvu gani. Diski iliyoingia sokoni baada ya rekoda yako kutengenezwa huenda haimo kwenye kumbukumbu yake, basi rekoda inabahatisha. Kwa zile za kufutika hata bahati haipo: DVD+RW ya 8x haiandikiki kwenye mashine iliyoishia 4x. Na hiyo kasi yenyewe ni ya nini? Kanda ya saa 2 itachukua saa 2 tu kurekodiwa, hata diski iwe 16x.

Kwangu mimi ya kwanza ni Verbatim, DVD-R yenye neno AZO (jina la rangi ya kurekodia iliyo ndani ya diski) kwenye kifungashio (si kila Verbatim inalo). Ukipata ya 8x, chukua. Nakiri naipendelea, rekoda yangu imeimeza hata ya 16x bila kunung'unika. Taiyo Yuden nazo zilikuwa moto, ila kampuni iliacha kutengeneza diski mwaka 2015, kwa hiyo anayekuuzia leo anakuuzia akiba ya ghalani.

Ya pili ni DVD-RW ya 2x, ya kufanyia mazoezi, maana unafuta na kuanza upya. DVD-RAM, aina nyingine ya kufutika, inafuata, kama rekoda yako inaikubali, na nyingi za Panasonic zinaikubali. Hariri humo upendavyo, lakini usimpelekee shangazi nakala yake; deki nyingi za kawaida haziisomi. Zile za tabaka mbili, za GB 8.5, ziache dukani.

Za bei ya chini zisizo na jina? Hapana.

Linaloniudhi zaidi ni wauzaji wa mtandaoni. Picha inaonyesha 8x, mzigo unafika 16x, ukilalamika unaambiwa "ni toleo jipya, bora zaidi". Mwingine anatoa diski kwenye mnara wake na kuzipakia upya kwenye mifuko, kasi haijaandikwa popote, na bei kaipandisha eti bidhaa imeadimika. Usinunue mnara kabla ya kujaribu 5. Rekodi mpaka mwisho, ikamilishe diski kwenye menyu ya rekoda ("finalize") ili isomeke kwingine, kisha icheze kwenye deki nyingine.

Muuzaji wangu alikataa kuzipokea tena kwa kuwa nilishafungua nailoni. Mwanangu kazichukua zilizobaki, na kompyuta yake inaziandika zote bila shida.