Muchungaji: ule tunapenda ao ule Neno linasema?

Huku Bukavu, kuanzia Kadutu mpaka Ibanda, nikisikia bantu banazungumuza juu ya muchungaji mupya maneno ni ileile: anahubiri na nguvu, anavaa muzuri, anajua Kifaransa, tena ni wa kwetu. Hiyo njo kupenda kwetu. Hata nabii Samweli aliona Eliabu, kaka mukubwa wa Daudi, akazania ni yeye Mungu amechagua kuwa mufalme, Mungu akakatala, juu Yeye anaangalia moyo.

Sasa fungua 1 Timoteo 3, utakuta paka mambo ingine kabisa: asiwe mulevi, asipende franga, asiwe mutu wa kugombana, ajue kufundisha, achunge nyumba yake muzuri, asiwe mutu ameokoka juzi, na hata bale ba inje bamushuhudie mema. Kabila haiko pale. Kifaransa pia hapana.

Saa ya ibada, ngoma ao piano, luga ya Mashi ao Kiswahili, pale muchague tu vile munapenda. Lakini kiongozi akichukua kupenda kwake akaifanya amri ya Mungu, mama anatoshwa ku korali juu ya rangi ya kitenge tu, ile inaniumiza sana sana, na Petro alishakataza wazee kutawala kundi kama mabwana (1 Petro 5:3).