Tairi za Probox: inama kwanza, lipa baadaye

Aprili nilinunua tairi mbili mpya za Probox yangu, kale ka-Toyota ka mizigo na abiria, mjini Kisumu, shilingi 7,500 kila moja. Ziling'aa, na vile vinyweleo vya mpira bado vimesimama. Kufika Salgaa, ya nyuma kushoto ikatoa nundu ubavuni, kubwa kama ngumi ya mtoto. Fundi wa pancha hakusema neno. Aliichomoa, akasugua upande uliokuwa umeelekea ndani, akanionyesha: 1916. Wiki ya 19, mwaka 2016. "Mpya" yangu ni mkubwa kwa kitinda mimba wangu!

Meno kila mtu anayaangalia, basi siyataji. Nataka uangalie tarehe. Tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho wa safu hiyo ndizo wiki na mwaka. Utata uko hapa: kanuni za Marekani, zilikotoka herufi hizo, zinaruhusu tarehe iandikwe ubavu mmoja tu. Tairi ikishavalishwa rimu na ubavu huo ukielekea ndani, utahitaji kulala chini ya gari uione. Kwa hiyo igeuze pande zote mbili ikiwa bado dukani. Mpira huzeeka hata ukikaa rafuni, na ukizeeka hupasuka.

Chaguo langu la kwanza ni Bridgestone, na sioni haya kulisema. Nakuru nilipata muuzaji aliyenitafutia tarehe mwenyewe bila kuulizwa, akaiandika kwenye risiti. Ni ghali, lakini nimezitembeza Kericho na Ahero, mvua na jua, bila nundu.

La pili ni ritredi, yaani tairi kuukuu iliyovalishwa meno mapya, lakini iwe ya karakana inayoeleweka, na ikae nyuma tu. Marekani, basi la abiria haliruhusiwi kabisa kuvaa ritredi magurudumu ya mbele. Sembuse Probox yenye watu tisa na gunia la omena. Hapa tarehe ni mbili: ya kuvalishwa meno mapya, na ya kuzaliwa kwa tairi yenyewe. Muuzaji atakusomea ile changa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 108, ya gari ndogo, inakataa kuvalisha meno mapya tairi iliyopita miaka 7, na hairuhusu kuirudia mara ya pili. Uliza yote mawili.

Mitumba na zile za majina yasiyotamkika: kama huna budi, soma tarehe. Basi.

Tangu kiwanda cha tairi za Yana cha Nairobi kifungwe 2016, tunategemea tairi za kuvuka bahari, kisha zilale bohari, na bei haishuki hata senti kwa ajili ya uzee. Mkate wa jana hupunguzwa bei, tairi ya miaka minane hupakwa rangi nyeusi. Niliirudisha yangu Kisumu. "Hizo ni namba za kiwanda, mama," kijana akaniambia, huku akinionyesha maandishi ya risiti: mali ikiuzwa hairudishwi.