Jengo jipya la huduma za halmashauri: sola safi sana, ila vioo vilikuwa vinaua ndege

Hili jengo nimelitumia kama mwaka na nusu sasa, karibu kila wiki nipo pale kufuatilia vibali vya kazi, kwa hiyo nalijua nje ndani. Nimeona niandike maana wengi wanalisifia kwa kuangalia picha tu na kuna vitu picha haikuonyeshi kabisa.

Nianze na umeme, hapo kiukweli wamefanya kazi. Paa lote ni paneli za sola, na pale mapokezi kuna skrini inaonyesha muda huo sola inazalisha kiasi gani na jengo linakula kiasi gani, mi nikiwa kwenye foleni naiangalia hiyo tu. Jua likiwa kali mchana jengo linajitosheleza na wanabaki na ziada, jioni ndo linaanza kuvuta wa gridi. Kuna siku umeme ulikatika nikiwa dirishani nahudumiwa, yaani kompyuta hata hazikushtuka, betri zikabeba mpaka nikamaliza nikaondoka na karatasi yangu mkononi.

Na paneli zenyewe hawakuzilaza kwenye zege tupu, chini yake wametandaza udongo kidogo wakapanda mimea mifupi mifupi yenye maua. Watu wanadhani ni urembo, hapana. Paneli ikichemka inazalisha kidogo, kila nyuzi joto moja ikizidi 25 inapoteza kama asilimia 0.3 mpaka 0.5 hivi, sasa mimea inapoza hewa pale chini, na nyuki na vipepeo nao wanapata pa kula. Mji wa Basel kule Uswisi waliamua toka 2002 kwamba paa jipya la bapa lazima liwe na mimea, Toronto nao wakapitisha sheria yao 2009 kwa majengo makubwa, kwa hiyo ni kitu kimeshajaribiwa miaka mingi, na nimefurahi sana kuona halmashauri imekifuata.

Sasa vioo. Upande wa mbele ni kioo kitupu kuanzia chini mpaka ghorofa ya tatu, halafu mbele yake wamepanda miti. Ukisimama nje asubuhi unaiona ile miti ndani ya kioo kama ipo kweli, na ndege naye anaona hivyo hivyo. Wiki yangu ya kwanza nilikuta alama ya njiwa kwenye kioo, lile vumbi jeupe la manyoya, mabawa yote mawili yametanuka, mpaka unyoya mmoja mmoja unauhesabu. Chini yake njiwa mwenyewe amelala. Mlinzi akaja na boksi akaniambia, "Dada, huyu ni wa tatu toka nimeingia zamu." Wale wenye pumzi anawafunika kwenye lile boksi, giza na utulivu, hawalazimishi maji wala chakula, baada ya saa moja hivi anawafungulia mbali na vioo. Hakuna aliyemtuma, anafanya kwa huruma yake. Mi siku hiyo nilishindwa kuingia ndani, nikarudi nyumbani.

Nilivyoenda kuuliza ofisini nikaambiwa tatizo limeshughulikiwa, wamebandika stika ya mwewe. Ilikuwepo kweli, moja, katikati ya kioo kikubwa kama ukuta. Haisaidii! Ndege anaikwepa stika anagonga pembeni yake. Kinachosaidia ni vitone au mistari kioo chote, upande wa nje, na nafasi kati ya kitone na kitone isizidi sentimita 5, maana kijidege kidogo kikiona upenyo kinajaribu kupita. Pale McCormick Place, ukumbi mkubwa wa mikutano kule Chicago, Marekani, Oktoba 2023 walikufa ndege karibu 1,000 usiku mmoja tu, jengo moja hilo, mwaka uliofuata wakabandika vitone na vifo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. New York majengo mapya toka 2021 sheria inawataka kioo ambacho ndege anakiona. Tuliandika barua watumiaji kadhaa tukayaweka yote haya, ikachukua miezi nane, na namshukuru kila aliyesukuma kule ndani kwa sababu walibandika, na walibandika vizuri. Toka hapo nimekuta ndege mmoja tu chini. Ukiwa ndani hata huvioni hivyo vitone, mwanga ni ule ule. Kinachoniuma ni kwamba kama wangeliwaza hili kwenye mchoro, kioo kingekuja na vitone vyake kutoka kiwandani, kuliko kuja kupandisha mafundi na majukwaa baadaye, na wale ndege wangekuwa hai.

Taa za usiku wanazima, hapo sina neno, maana ndege wanaohama usiku huwa wanavutwa na mwanga.

Limebaki la matofali ya viota. Wamejengea kwenye ukuta matofali yenye tundu kwa ajili ya teleka, wale ndege wa mabawa kama mundu wanaofanana na mbayuwayu. Brighton kule Uingereza nao wanayadai kwenye majengo mapya, ni wazo zuri sana. Ila hapa yamewekwa juu kidogo tu ya mlango, chini yake kuna kibaraza! Teleka miguu yake mifupi, akitoka kwenye tundu anajiachia anaporomoka kwanza ndo mabawa yashike hewa, anahitaji kama mita 5 na uwazi chini yake. Mwaka na nusu matundu yote matupu.

Huduma yenyewe ni ya haraka na wahudumu wana lugha nzuri. Natoa nyota nne. Fundi wao alikuja tukasimama naye pale nje nikamwonyesha ukuta wa nyuma, ni mrefu, una kivuli na chini hakuna kitu, akaupiga picha akasema atapeleka. Wakiyahamishia pale yale matofali ya viota nitarudi kuongeza nyota ya tano.