TAHADHARI: Tapeli anawauzia mafundi wa mandolini na magitaa mbao zilizopakwa rangi akiziita "mpingo"

Ndugu mafundi, hasa mnaochonga mandolini za umeme (ala ndogo ya nyuzi inayofanana na gitaa) kwa mkono: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na vipande vya "mpingo wa Kilwa, mkavu kabisa, tayari kwa shingo". Msimtumie hela! Mzigo uliofika karakana kwetu ni mbao laini zilizopakwa rangi nyeusi, na fundi mwenzetu naye kalizwa vilevile.

Bei yake iko chini ya soko kidogo tu, kiasi cha kutokushtua. Anataka hela yote kwanza kwa simu, mzigo unakuja na basi. Ukimwomba video ya kipande kikiwa juu ya mzani, anakwepa. Ukiuliza hati ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya kusafirishia mazao ya misitu, anakuambia wateja wengine wanasubiri. Ukishapokea mzigo na kulalamika, hapatikani tena.

Mandolini ya umeme inanasa sauti kwa sumaku zilizo chini ya nyuzi za chuma, kwa hiyo mwili wake unaweza kuwa mninga, mkongo au mvule na ikalia vizuri. Ubao wa kubonyezea nyuzi, ule wa juu ya shingo tunaouwekea mpingo, ndio hauna msamaha. Nyuzi 8 za chuma zinausugua kila siku, na freti (vile vyuma vyembamba vilivyopita katikati ya ubao) zimeshikwa na mbao yenyewe. Mbao laini inachimbika, freti zinalegea. Ikiwa pia ni mbichi, itasinyaa na ncha za freti zitatokeza pembeni zimkate mpigaji vidole. Lawama hapo zinakuja kwako fundi, wala si kwa aliyekuuzia.

Pimeni uzito. Kipande cha sm 30 kwa sm 5, unene mm 8, kikiwa mpingo mkavu kinasoma gramu 140 hadi 160. Mninga wa kipimo hichohicho hufika karibu nusu tu. Mpingo huzama majini, lakini mbao mbichi nyingine nazo huzama, kwa hiyo maji peke yake hayatoshi. Kufuta kwa spiriti kuona kama rangi inatoka nako si kwa kuamini sana, maana hata mpingo halisi huacha rangi kidogo kwenye kitambaa. Piga randa au kata ncha: mpingo wa kweli ndani ni kahawia iliyoingia zambarau, wenye mistari myeusi. Hizi za kwetu zilikuwa nyeusi ti juu, na milimita moja chini ni njano.

Wenye wateja wa nje mkumbuke kwamba mpingo uko kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) tangu 2017. Kipande kisicho na karatasi kinaweza kukwama mpakani hata kikiwa halisi.

Aliyekwisha kulipa apigie mtandao wake wa simu leo hii, namba ya tapeli aitume 15040 (namba ya kuripoti utapeli wa simu), na vipande asivitupe. Avipeleke polisi pamoja na ujumbe wa muamala.