TAHADHARI: Anauza ngozi za mbuzi "zilizotengenezwa na kukaushwa", kumbe ni mbichi zenye chumvi

Wakuu,

Kuna jamaa anapita kwenye magrupu ya mafundi viatu na wapambaji wa nyumba, anauza ngozi za mbuzi zenye manyoya yake. Maneno ni yaleyale: "Imetengenezwa kwa maganda ya miwati, imeshakauka, ni kutandika tu." (Miwati ni miti ambayo maganda yake hutoa dawa ya kufanya ngozi isioze.) Bei iko chini kidogo ya soko, unatuma nusu kwa simu, mzigo unakuja kwa basi. Na unafika kweli, ndiyo maana wengi hawashtuki mapema.

Kinachofika ni ngozi mbichi iliyotiwa chumvi, ikaanikwa juani mpaka ikakakamaa, kisha upande wa nyama ukapakwa rangi ya kahawia. Mwanzoni hainuki sana. Ikikutana na hewa ya Dar, hasa masika, chumvi inavuta unyevu, ngozi inalowa yenyewe hapo sakafuni, harufu inaanza, na ukipitisha mkono manyoya yananyonyoka. Zangu zimeishia jalalani.

Nilipomwandikia akajibu: "Umeiweka vibaya, ianike juani." Hapo nikajua huyu si fundi. Ngozi iliyotengenezwa haipelekwi kwenye jua kali, maana juu inakauka na kukaza huku ndani bado ina maji. Inawambwa kwenye fremu, kivulini penye upepo, inapakwa mafuta ingali na unyevunyevu, halafu inakandwa na kuvutwavutwa inapoendelea kukauka. Bila kukandwa hata ngozi nzuri inakakamaa, kwa hiyo ugumu peke yake si ushahidi wa utapeli.

Ushahidi uko ukingoni. Kata kipande chembamba utazame pale katikati. Kama dawa ya maganda imepenya, rangi ni moja toka juu hadi chini. Ukiona mstari mweupe, au unaopitisha mwanga kama ukucha, hiyo ni mbichi. Kiloweke kipande hicho usiku kucha: kibichi kinavimba na kuteleza, kikikaa zaidi majini kinaoza. Kuna wanaoshauri kukichemsha uone kama kitajikunja. Hiyo ni kwa ngozi za kromu, yaani zilizotengenezwa kwa dawa ya madini ya kromu badala ya maganda. Ya maganda hujikunja kwenye maji yanayochemka hata ikiwa safi kabisa, msije mkamwonea muuzaji wa watu bure.

Na mnaotandika vyumbani mwa watoto, hili si suala la pesa tu. Ngozi mbichi ya mnyama ambaye hujui alikufaje inaweza kubeba ugonjwa wa kimeta, na vijimbegu vyake haviuawi kwa chumvi wala kwa kukaushwa.

Jina la akaunti anabadilisha, picha habadilishi: ngozi nyeupe yenye baka jeusi mgongoni, imetandazwa juu ya marumaru. Akikutumia, mwombe video akikata ukingo wa ngozi hiyohiyo kabla hujalipa. Mimi nilimwomba kwa namba nyingine, akanizuia palepale.