Siku tano za maji matupu Lushoto

Nyumba ninayoitathmini iko Lushoto, kwenye mteremko unaotazama mashamba ya kabichi, na hupokea wageni wanaotaka kufunga kwa maji chini ya uangalizi: siku tano bila chakula chochote, kisha siku ya sita ya kurudi kwenye kula. Nililipa shilingi 480,000 kwa malazi ya usiku sita, vipimo vya presha na sukari asubuhi na jioni, na muuguzi anayelala palepale. Jina la nyumba naliacha kwa makusudi, kwa kuwa lawama niliyonayo nimekwisha kumweleza mwenye nyumba ana kwa ana.

Nilikwenda nikijiamini kupita kiasi. Mtu aliyefunga Ramadhani tangu utotoni hudhani kwamba yeye na njaa wanajuana, lakini mfungo huu ni kitu kingine kabisa. Kwenye saumu kinachosumbua zaidi ni kiu, na jua likizama kuna tende, uji wa pilipili manga na futari. Hapa kiu haipo, ila magharibi inaingia, inapita, na mezani haliletwi lolote isipokuwa jagi lilelile. Jioni ya siku ya kwanza wafanyakazi walikaanga vitunguu kwa ajili ya chakula chao, na kwa kuwa jiko liko hatua chache tu kutoka barazani, mgeni mmoja wa Moshi alihamisha kiti chake mara tatu akiukimbia upepo.

Mapokezi yao nayasifu bila kusita. Kabla hujakabidhiwa ufunguo, muuguzi anakuuliza kuhusu dawa unazotumia, ujauzito, vidonda vya tumbo, jongo na sukari, tena anauliza kwa namna inayokufanya uone haya kudanganya. Mama mmoja aliyekuwa akijidunga insulini ya kushusha sukari alirudishiwa fedha zake zote siku hiyohiyo na kuelekezwa kwa daktari wake, ingawa alisihi sana abakizwe.

Siku ya pili ilikuwa ya kichwa kuuma, na sababu kubwa kwangu ilikuwa kahawa niliyoiacha ghafla. Laiti tungeambiwa mapema tuipunguze wiki nzima kabla ya kusafiri. Siku ya tatu ndiyo iliyonitisha. Ulimi uliota utando mweupe, na pumzi yangu ikanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, jambo ambalo muuguzi alilieleza vizuri: akiba ya sukari iliyo kwenye ini huisha katika siku ya kwanza au ya pili, mwili ukahamia kwenye mafuta, na mafuta yakivunjwa hutoa ketoni, ambazo nyingine hutokea mdomoni. Usiku huo niliinuka kwenda msalani, macho yakaingia giza, nikajikuta nimekumbatia sinki. Asubuhi presha ilisoma 96 kwa 60, wakati kawaida yangu ni karibu 120 kwa 80. Hadi wakati huo tulikuwa tukipimwa tukiwa tumekaa tu. Baada ya malalamiko yangu muuguzi akaanza kutupima tukiwa tumelala, kisha tukiwa tumesimama, utaratibu ambao ungefaa uanze siku ya kwanza.

Siku ya nne njaa iliondoka kweli, nami sikutarajia. Kilichobaki ni usingizi wa vipande na baridi, maana mtu asiyekula huhisi baridi mapema, na Julai ya Lushoto haina huruma hata kwa aliyeshiba. Blanketi mbili hazikutosha.

Mihadhara ya kila jioni ningeipunguza. Mwenye nyumba alitueleza kwamba maji "yanaosha sumu", kazi ambayo ini na figo huifanya kila siku bila kusubiri tufunge, na kwamba Tuzo ya Nobel ya 2016 imethibitisha tiba hii. Tuzo hiyo alipewa Yoshinori Ohsumi kwa kugundua namna seli zinavyovunja na kutumia upya sehemu zake zenyewe, utafiti alioufanyia kwenye hamira; haikusema lolote kuhusu siku tano za maji kuponya ugonjwa wowote. Alimtaja pia Angus Barbieri, Mskoti aliyekaa siku 382 bila chakula mwaka 1965 hadi 1966, akasahau kusema kwamba mtu huyo alianza akiwa na zaidi ya kilo 200, alifuatiliwa na madaktari wa hospitali ya Dundee, na alikuwa akipewa vitamini na madini.

Sasa lawama yenyewe. Asubuhi ya siku ya sita tuliletewa chapati mbili kila mmoja, maharage ya nazi, ndizi mbivu na juisi ya pasheni. Mtu aliyekaa bila kula akipokea wanga mwingi kwa mkupuo, insulini hupanda na kuyasukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli, kiwango chake kwenye damu kikashuka, na moyo unaweza kuyumba. Wafungwa waliokolewa kutoka kwenye njaa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na baadhi yao wakafa baada ya kulishwa. Siku tano kwa mtu mwenye afya si hali ile, lakini ni karibu na mpaka ambapo madaktari huanza kuchukua tahadhari. Niliomba uji mwepesi wa mchele, mpishi akaupika bila kinyongo, nikanywa vijiko saba na kupumzika. Yule mgeni wa Moshi alimaliza sahani yake, na kabla ya saa moja kupita alikuwa amejikunja kitandani akishika tumbo. Tulipomtafuta muuguzi tukaambiwa ameondoka alfajiri, kwa kuwa mkataba wake huishia pale mfungo unapoisha.

Uzito wangu ulishuka kutoka kilo 74.2 hadi 69.6, na wiki mbili baadaye mizani ilisoma 72.9, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichotoka mwanzoni ilikuwa maji.

Nilimwambia mwenye nyumba kwamba nitarudi, tena kwa kuongeza fedha, iwapo muuguzi atabaki hadi jioni ya siku ya sita. Aliahidi kunipigia simu akishazungumza naye. Nauli ya kupanda mlima kutoka Mombo nimeiweka; simu bado.